MBA au masta ya ubunifu na ujasiriamali? Anza na kinachosahihishwa mwishoni

Msimu wa maombi ukikaribia huwa napata meseji za aina moja. Mtu ana digrii yake ya kwanza, ana wazo kwenye daftari au hana wazo kabisa ila ana hamu, anauliza nisome MBA (masta ya usimamizi wa biashara) au nisome masta ya ubunifu na ujasiriamali, ipi nzuri. Mi nilisoma hii ya pili, na jamaa niliyekuwa naishi naye mwaka ule alikuwa anachukua MBA chuo hichohicho, kwa hiyo zote mbili nimeziona, moja darasani na nyingine sebuleni saa sita usiku mwenzangu akiwa amevurugwa na hesabu zake. Jibu la "inategemea" silipendi lakini ndo lenyewe, cha maana ni kujua inategemea nini.

Kwanza majina yasikubabaishe. Kuna masta ya ujasiriamali, kuna ya usimamizi wa ubunifu, kuna ujasiriamali wa teknolojia, kuna MBA yenye mkondo wa ujasiriamali, na unaweza kukuta kozi mbili zenye jina lilelile zinafundisha vitu ambavyo havijuani hata kwa salamu. Siku hizi mtu akinitumia linki ya kozi sisomi yale maneno ya juu ya kubadilisha dunia, nashuka moja kwa moja mpaka kwenye kazi ya mwisho naangalia wanasahihisha nini. Ni tasnifu? Ni mradi wa kuanzisha biashara? Ni ripoti ya kazi uliyofanya kwenye kampuni ya watu? Masta nyingi za mwaka mmoja za Uingereza zina krediti 180, na kawaida 60 kati ya hizo ni hiyo kazi ya mwisho, yaani theluthi nzima ya digrii yako. Chuo kinaweza kuandika neno ujasiriamali mara mia kwenye matangazo yake, ila kama theluthi ya alama zako inatoka kwenye tasnifu ya maneno elfu kumi na tano yenye sura ya mapitio ya maandiko na sura ya mbinu za utafiti, basi we unaenda kuwa mtafiti wa wajasiriamali. Sio vibaya, ila uingie ukijua.

Mi niliingia sijui. Muhula wa kwanza ulikuwa mtamu, tukaunda kundi la watu wanne, tukatengeneza sampuli ya mwanzo ya bidhaa, tukapata na wateja wawili wa majaribio. Ulipofika mwezi wa tano kila mtu akapewa msimamizi wake na mada yake, na kundi likafa lenyewe bila ugomvi, hamna aliyetangaza, ni vile tu kikao cha Jumatano kikaacha kuitishwa. Miezi mitatu nzima niko maktaba nasoma makala za jinsi kampuni zinavyofyonza maarifa kutoka nje. Tasnifu nilipata alama nzuri tu. Wale wateja wawili sijui waliishia kununua kwa nani.

Sasa kwa nini kozi zenye jina moja zinatofautiana hivi? Ni kwa sababu ubunifu na ujasiriamali ni maneno mawili yaliyolelewa nyumba tofauti. Joseph Schumpeter, mchumi wa Austria, aliyaweka pamoja tangu 1911, kwake mjasiriamali ni yule anayeunganisha vitu kwa namna mpya na kuviingiza sokoni, na 1942 akaja na lile wazo la uharibifu unaojenga, kipya kinapanda kwa kubomoa cha zamani. Ila huko vyuoni wakagawana. Ujasiriamali ukaenda shule za biashara, Myles Mace alifundisha somo la kwanza la kuanzisha biashara pale Harvard mwaka 1947, wanafunzi 188 wakajiandikisha. Ubunifu ukaenda kwa watu wa sera na teknolojia, mfano ni kituo cha SPRU cha Chuo Kikuu cha Sussex alichokianzisha Chris Freeman 1966, wao swali lao ni kwa nini nchi fulani au kiwanda fulani kinavumbua na kingine hakivumbui. Kwa hiyo ukikuta kozi ya "ubunifu na ujasiriamali" fungua orodha ya walimu uone wametoka nyumba ipi. Wakiwa wengi ni wa ubunifu, utatoka unafaa kwa ofisi za kuhawilisha teknolojia (zinazopeleka uvumbuzi wa vyuo sokoni), idara za utafiti za makampuni makubwa, ushauri, serikali. Wakiwa ni wa ujasiriamali, na hasa kama wapo wawili watatu waliowahi kulipa mishahara ya watu kwa pesa yao wenyewe, hapo utasukumwa kwenda kujaribu.

MBA yenyewe haina mafumbo hayo. Haijali sana unataka kuwa nani, inakupa uhasibu, fedha, masoko, uendeshaji, mkakati, watu wote meza moja kwa muda, alafu ndo unachagua mkondo. Zile za Marekani kawaida ni miaka miwili na katikati kuna likizo ndefu ya kufanya kazi kwa watu au kujaribu cha kwako, ya INSEAD, shule ya biashara ya Ufaransa, ni miezi 10 tu ukikohoa imeisha. Wengi wao wanataka uwe umeshafanya kazi miaka kadhaa, wakati masta ya ujasiriamali nyingi zinakuchukua hata ukitoka digrii ya kwanza jana.

Na hapa ndo pana tofauti ambayo watu hawaipi uzito, nani anakaa pembeni yako. Wale waanzilishi wa Grab, kampuni ya kuita teksi kwa simu, Anthony Tan na Tan Hooi Ling, walikutana wakisoma MBA Harvard, wakaingiza wazo lao la teksi kwenye mashindano ya chuo 2011 wakawa washindi wa pili, mwaka uliofuata wakaanza Malaysia. Warby Parker wauza miwani ni wanne waliokuwa darasa moja Wharton, shule ya biashara ya Marekani, wakafungua duka lao la mtandaoni 2010. Ukizisoma hizo habari utaona kilichofanya kazi ni watu kukaa pamoja muda mrefu mpaka wakajuana nani anafika kwa wakati na nani ana maneno mengi, slaidi za mwalimu zilichangia kidogo.

Lakini MBA ina ugonjwa wake. Kundi la yule mwenzangu lilikuwa na watu sita, wote wanaijua Excel kama viganja vya mikono yao, watatu wanataka kuwa mkurugenzi mtendaji na hamna hata mmoja anayeweza kutengeneza hicho kitu chenyewe. Walikaa muhula mzima wakitafuta "mtu wa teknolojia" kama watu wanavyotafuta fundi wa dharura. Kwenye darasa letu mimi nilikaa na mhandisi wa mitambo kushoto, kulia mtu wa ubunifu wa bidhaa, nyuma mfamasia, ukisema nataka kujaribu kitu Ijumaa basi Jumatatu kimekaa mezani kinafanya kazi, vibaya lakini kinafanya. Tulichokosa ni mtu wa kutuambia kitu chenyewe hakina hesabu.

Kuhusu unachojifunza, niseme tu ukweli, kuna somo moja la masta lililolipa ada yangu yote na kuna somo moja la MBA ambalo nililipata bure sebuleni na bila hilo ningeumia.

Lile la masta ni la kuongea na wateja. Mbinu hii ilisambazwa sana na Steve Blank, mjasiriamali na mwalimu wa Marekani, na kwa Marekani shirika la taifa la sayansi, NSF, liliifanya programu rasmi mwaka 2011, inaitwa I-Corps, timu ya watafiti inatakiwa ihoji watu wasiopungua 100 ndani ya wiki saba kabla ya kujiita biashara. Sisi tulipewa 30. Nikarudi baada ya wiki ya kwanza natamba, watu nane kati ya kumi wamesema wangetumia kitu chetu. Mwalimu akaniuliza swali moja, hao nane, mwezi uliopita walitumia pesa ngapi au masaa mangapi kuitatua hiyo shida? Nikaangalia daftari. Sikuwa nimemuuliza hata mmoja. Akaniambia rudi, na safari hii usitaje bidhaa yako kabisa, uliza mara ya mwisho shida hii ilikupata lini, ulifanya nini, ilikugharimu nini. Nikarudi kwa walewale nane. Wawili tu ndo walikuwa wamefanya chochote. Wengine sita walikuwa wananifurahisha, mtu mzima amekuja na daftari lake utamwambiaje hapana. Hiyo adabu ya kuuliza yaliyopita badala ya yajayo, kwenye MBA ya mwenzangu ilikuwa mhadhara mmoja wa saa mbili, kwetu ilikuwa wiki kumi na ilisahihishwa, tuliwasilisha mpaka maelezo tuliyoandika kwa mkono.

La MBA ni pesa. Siku moja namwonyesha jamaa makadirio yetu, nimejaa furaha, kila mwezi mauzo yanaongezeka mara mbili. Akachukua kalamu. Akasema haya, mzigo mmoja unauza 100, umekugharimu 80, mteja wako ni kampuni kubwa analipa baada ya siku 90. Mwezi wa kwanza unatoa 80. Wa pili oda mara mbili, unatoa 160. Wa tatu unatoa 320. Jumla zimetoka 560 na mfukoni haijaingia hata ile mia ya kwanza, ila kwenye karatasi yako hapa umeandika faida ya 140. Sasa niambie mishahara ya mwezi wa tatu unalipa na nini, karatasi? Nilikuwa nimesoma ujasiriamali miezi saba na hamna mtu aliyekuwa amenionyesha kwamba biashara inaweza kufa kwa kukua. Masta nyingi za ujasiriamali zina somo la fedha, ila mara nyingi ni la jinsi ya kuchangisha mtaji, hisa, thamani ya kampuni, mazungumzo na wawekezaji, vitu vya kuvutia. Mzunguko wa fedha taslimu haupigiwi makofi. Kama kozi unayoitaka haina uhasibu wa kweli, omba usome somo hilo upande wa MBA kama chuo kinaruhusu, vingi vinaruhusu na watu hawaombi.

Kuna na suala la nani anamiliki unachokitengeneza, hili ni kwa masta na zaidi kwa PhD (uzamivu). Kazi ya darasani ya mwanafunzi kwa kawaida ni yake, ila ukitumia maabara ya chuo, pesa ya mradi wa utafiti, au wazo lililotoka kwenye utafiti wa msimamizi wako, chuo kinaweza kuwa na haki ya hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi. Marekani sheria ya Bayh-Dole ya 1980 ndo iliyovipa vyuo nguvu ya kumiliki uvumbuzi uliofadhiliwa na serikali kuu. Mfano ambao kila mtu anautaja ni Google, Larry Page na Sergey Brin walikuwa wanafunzi wa PhD Stanford, hataza ya ile mbinu ya kupanga kurasa ilikuwa ya chuo, Stanford ikapewa hisa kama milioni 1.8 na 2005 ilikuwa imeshaziuza kwa dola milioni 336. Hapo kila mtu alifurahi. Ila kuna vyuo vinavyoomba fungu kubwa mwanzoni kabisa kiasi kwamba mwekezaji akiona mgawanyo anafunga laptopu yake. Sera ya haki miliki ni nyaraka ya wazi kwenye tovuti za vyuo vingi, inachosha kusoma, isome.

PhD nitaipitia haraka. Usiende PhD ili uanzishe kampuni, isipokuwa kama kampuni yenyewe inatoka maabara, dawa, vifaa, kompyuta nzito, hapo miaka minne ya utafiti ndo bidhaa. PhD ya ujasiriamali ni kwa anayetaka kufundisha na kuchunguza, na inaweza kuwa tamu sana, mtafiti Saras Sarasvathy aliwakalisha waanzilishi wazoefu 27 akawapa tatizo lilelile wafikiri kwa sauti, akagundua hawaanzi na lengo kubwa alafu watafute vifaa, wanaanza na walichonacho, mimi ni nani, najua nini, namjua nani. Makala yake ya 2001 bado inasomeshwa kila mahali. Nilipoisoma nilicheka kwa sababu mama yeyote anayeendesha biashara angekuambia hivyohivyo, tofauti yeye aliionyesha kwa ushahidi.

Alafu kuna wanaosema achana na shule nenda akselereta, yaani programu fupi inayowekeza kwenye kampuni changa na kuzisukuma zikue. Sawa, ila tulinganishe vizuri. Y Combinator, iliyoanza 2005, ni miezi mitatu, wanakupa dola 500,000 na sehemu ya 125,000 kati ya hizo wanachukua hisa asilimia 7, zilizobaki zinageuka hisa baadaye. Shule inachukua ada na hisa zako inakuachia. Sio vitu vya kushindanishwa maana milango yake haifanani, akselereta inataka timu na kitu kinachotembea, shule inakupokea na daftari tupu. Kama timu unayo na wateja unao, mi sioni kwa nini ukakae darasani mwaka mzima usikie habari za watu waliofanya unachokifanya tayari. Vituo atamizi vya vyuo, vile vinavyolea biashara changa, viko katikati, na vingine vinakupokea hata ukiwa umemaliza zamani.

Mambo ya viza, kwa wanaoenda nchi za watu, haya yanavunja ndoto kimyakimya. Uingereza viza ya mwanafunzi kwa kawaida haikuruhusu kujiajiri wakati unasoma, fikiria, unasoma ujasiriamali na huruhusiwi kufanya ujasiriamali. Marekani ukimaliza unaweza kuomba miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na ulichosoma na unaruhusiwa hata iwe biashara yako mwenyewe, kuna nyongeza ya miezi 24 kwa digrii zilizoorodheshwa kwenye sayansi na teknolojia, ila nyongeza hiyo inataka mwajiri wa kweli wa kukusimamia. Masta mbili za ujasiriamali zinaweza kuwa moja iko kwenye orodha hiyo na nyingine haiko, inategemea chuo kimeisajili kwa msimbo gani wa fani. Sheria hizi zinabadilika, hivyo cheki mwaka unaoaplai, usitegemee maneno ya aliyetangulia, nikiwemo mimi.

Mkopo nao. MBA ya shule kubwa ni ghali kupita masta nyingi na wengi wanakopa, alafu rejesho linaanza muda uleule ambao kampuni changa haiwezi kukulipa mshahara. Yule mwenzangu aliingia MBA anataka kuanzisha kampuni, akatoka akaenda kwenye ushauri wa biashara, akisema miaka miwili tu nimalize deni. Simcheki hata kidogo, ningekuwa na deni lile ningefanya vilevile. Kama unakopa, hesabu rejesho la kwanza linaangukia mwezi gani na siku hiyo utakuwa unakula nini.

Na wanaonikimbilia wakisema nina miaka 34 nimechelewa, kuna uchambuzi wa mtafiti Pierre Azoulay na wenzake kuhusu waanzilishi wa kampuni Marekani, wastani wa umri wao ulikuwa kama 42, na kwa zile kampuni zilizokua kwa kasi kuliko zote ulikuwa 45. Kuwa umeshafanya kazi kwenye sekta hiyohiyo kuliongeza sana nafasi ya kufanikiwa. Kwa hiyo kijana wa miaka 23 asiye na sekta, mi huwa namwambia masta ya mwaka mmoja ni sawa kama ina mradi wa kweli na darasa lenye mchanganyiko wa watu, ila MBA isubiri kwanza ufanye kazi mahali, hata kazi usiyoipenda, uone shida za watu kwa karibu. Wa miaka 34 aliyekaa kwenye sekta moja miaka kumi na anajua kabisa nini hakifanyi kazi huko, huyo MBA itamjaza pale palipo wazi, pesa na watu wa kuongozana nao. Mhandisi au mwanasayansi mwenye kitu mkononi, masta ya ujasiriamali wa teknolojia na iwe inayokuacha ufanye mradi wako mwenyewe. Anayetaka kazi nzuri kwenye idara ya ubunifu ya shirika kubwa na hana mpango wa kuanzisha chochote, masta ya usimamizi wa ubunifu, ile ya upande wa SPRU, na ajisikie huru kabisa, hakuna sheria kwamba wote tuwe waanzilishi.

Kabla hujalipa chochote waandikie barua pepe uombe kitabu cha mwongozo wa kozi cha mwaka huu, sio brosha, kile wanachopewa wanafunzi wakishasajiliwa, chenye masomo, uzito wa alama na maelezo ya kazi ya mwisho. Omba na vichwa vya miradi ya mwisho ya mwaka jana. Alafu tafuta wawili waliomaliza miaka miwili iliyopita, uwaulize wale waliokuwa nao kundi moja bado wanaongea. Mi mwongozo wangu niliufungua wiki ya pili baada ya kulipa ada, nikitafuta ratiba ya maktaba. Ukurasa wa 31, jedwali dogo, mstari wa mwisho: tasnifu, krediti 60.